Nilipewa Kipande cha Tatu cha Riwaya, Nikasikia Kijiko Gizani

Kijiko kilikuwa kinakoroga chai.

Ndani kwangu. Gizani. Na mimi bado niko nje.

Kling. Kling. Kling. Taratibu, kama mtu asiye na haraka, anayesubiri sukari iyeyuke.

Nilikuwa mlangoni, ufunguo wa kufuli mkononi, daftari kwapani. Saa mbili kasoro za usiku, natoka darasani. Mtaa wetu wa Nakwa wote giza, wakati ule wa mgao wa umeme, watu wa Babati mnaukumbuka.

Kufuli nililifunga kwa mkono wangu saa kumi na moja jioni. Nimelikuta limefungwa vilevile.

Nikalifungua. Kijiko kikanyamaza.

Halafu nikasikia mlango wa nyuma ukivutwa polepole, na kitasa kikazungushwa kutokea nje. Ka-chak.

Niliwasha tochi ya simu. Juu ya meza kulikuwa na kikombe changu chenye maua. Chai nusu. Nikakigusa.

Cha moto.

Jamani, sikupiga kelele. Nilikaa chini sakafuni na daftari langu kama mtoto aliyesusa.

Mimi ni Mama Hope. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na nne, nimepanga vyumba viwili kwa Bibi Leonia, mama mtu mzima ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka. Mume wangu, Valence, alikuwa Mererani, kwenye machimbo ya tanzanaiti, zaidi ya kilomita mia mbili. Anakuja mara mbili, tatu kwa mwaka.

Siwafichi, shule niliacha kwa ujauzito wa Hope. Nikarudia mitihani kwa madarasa ya jioni, nikafaulu. Nikaingia chuo, jioni vilevile. Nilitaka kuwa mwalimu. Nikimaliza mwaka ule, cheti kilikuwa hicho hapo, nakiona.

Jioni nikienda darasani, Hope nilimwacha kwa Bibi Leonia, mlango wa pili uani. Alikuwa na miaka sita, Januari aanze darasa la kwanza.

Sasa nisikilizeni, maana bila hili hamtaelewa.

Somo letu lilikuwa dhamira katika riwaya za kisasa za Kimarekani. Wanafunzi tulikuwa watano. Kitabu kilikuwa kimoja.

Mwalimu Tadeo alikiweka mezani, akatoa kisu cha mkate, akakikata mgongo mbele yetu. Vipande vitano. Kila kimoja akakibana na kukivalisha karatasi ya kaki.

"Kila mtu kipande chake, wiki mbili," alisema. "Unasoma, unaandika insha, unazungusha. Na marufuku kumsimulia mwenzako kilichomo kwako."

"Mwalimu, kwa hiyo wengine tunaanzia katikati?" nikauliza.

"Maisha nayo ulianzia mwanzo?" akanijibu. Darasa likacheka. "Kumbukeni, dhamira haipigi hodi. Ukiiona, ujue ilikuwa ndani siku nyingi."

Cha tano alipewa Herieli, karani wa ofisi za mkoa. Mkoa ulikuwa bado mpya, na Herieli alitembea kama yeye ndiye aliyeuleta kwenye begi.

Mimi nikapata cha tatu.

Nilisoma na kamusi pajani, Hope akiwa amelala. Kulikuwa na mwanamke katika mji mdogo wa baridi, Marekani huko. Mume anaondoka alfajiri na kikasha cha chakula kwenda kiwandani. Mwanamke akibaki peke yake, anasikia mtu kwenye chumba cha chini ya nyumba. Glasi inawekwa. Maji yanamiminwa. Hana jirani wa kumwita. Kila siku sauti inakaribia.

Mwisho wa kipande, anashuka ngazi. Anashika mlango wa chini, anaufungua, na

Na.

Kipande changu kiliishia hapo, kwenye "na". Kisu cha mkate kilipita palepale.

Insha yangu niliiita "Hofu ya Mgeni". Niliandika kwamba watu wa riwaya hizi wanaishi kila mmoja kivyake, ndiyo maana wanaogopa. Niliandika na sentensi moja niliyojivunia sana: mgeni ni mtu ambaye nyumba haimtaki.

Wiki iliyofuata ndiyo nikasikia kijiko.

Baada ya siku ile nikaanza kuhesabu vitu. Sukari inapungua. Ugali nilioufunika nakuta umemegwa pembeni. Siku moja nikakuta ndoo zote mbili zimejaa maji, na mimi niliziacha tupu.

Niambieni, mwizi gani anachota maji?

Hilo ndilo liliniogopesha kuliko sukari. Mwizi anachukua. Huyu alikuwa anaishi.

Kile kipande cha kaki nilikiacha juu ya kabati. Nikakikuta mezani, na daftari la insha limefunguliwa pembeni yake.

Mlango wa nyuma ulikuwa na funguo mbili tu. Mmoja ninao. Wa pili anao Valence, Mererani. Nikajiambia kuna fundi amechonga wa tatu. Sikuwa na hela ya kubadili kitasa. Nikawa naegemeza kiti mlangoni tukilala. Lakini huyo mtu hakuja tukiwa tumelala. Alikuja jua likizama, nikishaondoka.

Jioni moja namwosha Hope miguu. Akasema, "Mama, Baba ana kidonda mguuni."

Nikaacha kumsugua.

"Umeota, mwanangu?"

Akachezea povu.

"Baba yuko mbali," nikamwambia. Machozi yakanilenga. Watoto wa watu wa machimboni wanakua na baba wa kufikirika, nikajua na wangu ameanza.

Lakini lile neno kidonda halikunitoka. Nikampigia Valence. Hapatikani. Nikampigia kesho yake. Hapatikani.

Siku ya tatu, gauni la Hope la njano halipo kwenye kamba. Na kiatu chake kimoja hakipo. Kimoja!

Nikashindwa kuvumilia, nikaenda kwa Zuwena, jirani yangu muuza maandazi. Nikamweleza kila kitu, mpaka ndoto ya Hope.

Akaacha kukanda.

"Mama Hope. Gauni la mtoto?"

"Ndiyo."

"Na kiatu kimoja?"

"Ndiyo, Zuwena, usinitolee macho hivyo."

"Na mume wako yuko machimboni." Akafuta unga mikononi. "Shosti, mimi simo. Lakini hujawahi kusikia watu wa mawe wanatumwa na waganga? Nguo ya mtoto wa kwanza, kiatu cha mguu wa kulia..."

"Ni cha kushoto."

"Cha kushoto ndiyo kabisa!"

Ningecheka siku nyingine. Siku ile sikuweza. Stori za kafara tumezisikia wote. Fulani alipata jiwe, mwanawe akafa mwezi uleule. Unasikia, unatikisa kichwa, unaendelea na mboga zako. Mpaka gauni liwe la mwanao.

Nilirudi ndani nimembeba Hope mgongoni, mtoto wa miaka sita, miguu inaning'inia. Nikapiga simu tena.

Ikaita.

"Mama Hope," Valence akapokea. Sauti yake ya chini.

"Baba Hope! Uko wapi wewe?"

"Niko... niko huku machimboni. Mtandao unasumbua."

Nyuma yake nikasikia kitu kinazunguka, trrrr, trrrr, kinasimama, trrrr.

"Ni nini hicho?"

"Mashine. Za kazi."

Wakati huohuo gari la matangazo likapita mtaani kwetu na vipaza sauti vyake. "Wananchi wa Nakwa, Jumamosi leteni mbwa wenu kwa chanjo, Nakwa, leteni mbwa..."

Nikasogeza simu ili nimsikie vizuri.

Na ndani ya simu, sauti ileile ikasema, "...leteni mbwa wenu kwa chanjo, Nakwa..."

Simu ikakatika.

Sijui nilikaa muda gani pale. Najua tu Hope aliniambia nimemkaba.

Mume wangu hakuwa Mererani. Alikuwa hapa, mtaa huuhuu, anasikia gari lilelile. Amenidanganya. Na gauni la mwanangu halipo.

Nilipomwambia Zuwena, hakushangaa hata kidogo.

"Kesho tunamaliza," alisema. "Wewe nenda darasani kama kawaida. Mimi na vijana tutakaa migombani nyuma ya nyumba. Akiingia tunamwacha. Akitoka na kitu mkononi, napiga yowe la mwizi."

"Na kama ni yeye? Kama ni Valence?"

"Anayeiba nguo ya mtoto gizani ni mwizi, awe mume, awe shemasi."

Wote mnajua yowe la mwizi likipigwa mtaani linafanya nini. Halisubiri maelezo. Watu wanatoka na walichoshika, na wa mwisho kufika ndiye anapiga zaidi.

Nilijua. Nikasema sawa.

Naliandika hili kwa aibu. Nilisema sawa.

Nilishapanga kila kitu. Asubuhi ya keshokutwa napanda basi na Hope kwa mama yangu Mbulu. Mtihani basi, cheti basi. Darasani naenda mara ya mwisho tu, kurudisha kipande cha tatu. Nikiondoka nacho, wenzangu wanne wanabaki na kitabu chenye shimo.

Kesho yake jioni nikamwacha Hope kwa Bibi Leonia. Nikamwambia Bibi kwa sauti ya juu afunge mlango, asifungue kwa mtu.

"Marahaba!" akanijibu. Nikarudia mpaka akaelewa.

Darasani Mwalimu Tadeo akanirudishia insha. Alama nzuri. Chini, kwa wino mwekundu, ameandika swali moja.

*Una uhakika kwamba ni mgeni?*

Herufi zikaanza kunicheza machoni.

"Herieli," nikamnong'oneza. "Nipe kipande cha tano, mwisho nauhitaji leo."

"Utaratibu hauruhusu. Zamu yako ya cha tano ni mwezi ujao."

"Herieli, nakuomba. Niambie tu, mle chini alikuwa nani?"

"Mama Hope, marufuku kusimu..." Akaniangalia usoni. Akaacha. Akasukuma ile kaki kwenye dawati.

Nilisoma ukurasa wa kwanza wa kipande cha tano nimesimama kwenye korido, pale mwanga wa jua ulipobaki. Kamusi sikuihitaji.

Ukurasa ulianzia makaburini.

Yule mwanamke alishuka ngazi na bunduki. Aliona kivuli. Hakuuliza. Aliyekuwa chini alikuwa mume wake. Kiwanda kilimwachisha kazi miezi mingi nyuma, akaona aibu kusema. Kila alfajiri aliondoka na kikasha cha chakula, akazunguka nyumba, akaingia kwa chini, akakaa gizani akisikiliza mkewe anavyotembea juu.

Na mwanamke anasema makaburini, nami nawatafsiria nilivyoelewa: nilikuwa na muda wa kulenga, ningekosaje muda wa kuita jina lake?

Nilimrudishia Herieli kaki yake. Kipande cha tatu nikakiacha mezani. Nikakimbia.

Jamani, nilikimbia! Kutoka mjini mpaka Nakwa, sandali moja ikakatika nikaiacha. Jua limeshazama. Watu wananiuliza, "Mama Hope, kuna msiba?" Sijibu. Ningejibu nini? Kwamba sijui bado?

Sikuwa na uhakika wa chochote. Riwaya si ushahidi. Huenda Zuwena ndiye alikuwa sahihi, na naenda kumwokoa mtu aliyekuja kumwondoa mwanangu. Nilikimbia na hofu mbili, moja kila upande.

Nikafika mlangoni kwangu. Giza. Nikashika magoti, nikazuia pumzi.

Kling. Kling.

Yuko ndani.

Mkono ukaenda kwenye kufuli, nikaurudisha. Mara ya kwanza alisikia kufuli, akatoka kwa mlango wa nyuma. Nikilifungua atatoka kwa nyuma tena. Na nyuma, kwenye migomba, niliona kitu cheupe kikisogea. Kilemba cha Zuwena. Na vijana wanne au watano, na marungu yao.

Nikaweka mdomo kwenye ufa wa dirisha.

"Valence."

Kijiko kikasimama.

"Valence, ni mimi. Usitoke nyuma. Nakuomba, usitoke." Nikatafuta neno la kusema, lolote la nyumbani. "Sukari nimeihamisha. Iko kwenye kopo la bluu."

Nikasikia kiti kikisogezwa.

Halafu, kwa ndani, kwa karibu kabisa, "Mama Hope?"

Nikafungua kufuli. Nikachukua mchi nyuma ya mlango, maana kuita jina ni kuita jina, sikusema hofu imeisha. Nikawasha tochi.

Alikuwa amekonda. Udongo umekauka mikononi mpaka viwiko. Mguu wa kushoto umefungwa kipande cha kanga yangu ya zamani.

Kidonda.

"Usinimulike," akasema, akaficha uso.

"Gauni la mwanangu liko wapi?"

"Nini?"

"Gauni, Valence! Na kiatu! Umevipeleka kwa nani?"

Akatazama mchi. Akanitazama mimi. Nadhani ndipo alipoelewa nilikuwa nafikiri nini, maana alikaa kwenye kiti kama aliyesukumwa.

Akavuta mfuko wa rambo chini ya meza, akanipa.

Ndani kulikuwa na sketi ya bluu na shati jeupe, vipya, bado vina nyuzi. Viatu vyeusi pea moja. Chini yake, gauni la njano lenye mistari ya chaki ya fundi, na kiatu cha kushoto.

"Fundi alisema bila nguo ya kipimo hashoni," alisema. "Na viatu vya mnadani huwezi kubahatisha, mtoto mguu unakua. Nilikuwa kwa fundi ulipopiga simu. Nilitaka Januari nimnunulie sare mimi. Nirudi na kitu mkononi, siyo na kidonda."

Trrrr, trrrr. Ilikuwa cherehani.

Akanieleza yote. Ukuta wa shimo ulishuka mwezi wa nane, ukambana mguu. Tajiri wa shimo alimwambia akaugulie kwao. Miaka minne alichimba kwa posho ya chakula akisubiri siku ya jiwe, na siku haikuja. Akarudi Babati, akalala Bonga, nje kidogo ya mji, kwa rafiki yake Modesti, wanafyatua tofali. Jioni anapitia migombani, anaosha mguu, anakunywa chai, anatujazia maji. Nikikaribia, anaondoka.

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Wewe unapanda, unasoma Kiingereza kwa kamusi. Mimi nimetoka shimoni mikono mitupu." Akainamisha kichwa. "Nilisoma insha yako. Mgeni ni mtu ambaye nyumba haimtaki. Nikajua ndiyo mimi."

Hapo mchi ukanitoka mkononi.

Nikalia tu, nimeshika mkono wake wenye udongo.

Ghafla nje, nadhani kwa kishindo cha mchi, "Mwi..."

"Zuwena, nyamaza!" nikapayuka, nikaruka hadi mlango wa nyuma, nikausimamia. "Ni Baba Hope! Nimesema ni Baba Hope! Nendeni nyumbani!"

Kikohozi migombani. Halafu sauti ya Zuwena, ya upole kabisa.

"Aa. Shemeji. Za safari?"

"Nzuri, shemeji," Valence akajibu kwa ndani.

"Basi kesho nitaleta maandazi."

Na aliyaleta kweli, sura kavu, kama si yeye.

Safari ya Mbulu ikafa. Mtihani nilifanya. Swali lilitaka dhamira kuu, nikafuta Hofu ya Mgeni, nikaandika Aibu. Alama ya juu alipata Herieli, na mpaka leo anaitaja. Mimi cheti nilipata, nafundisha sasa.

Usiku ule Valence aliniuliza, yule mwanamke alipofungua mlango, halafu nini? Na yeye alikisoma kile kipande, akakwama kwenye "na". Nikamsimulia, marufuku ya Mwalimu nikaivunja. Aliwasha kibatari, akakiweka dirishani, kikakesha pale.

Wapendwa, mkibaki na kipande kimoja cha mtu, msimhukumu kama mmesoma kitabu kizima. Na ukisikia kitu gizani ndani kwako, ita jina kwanza. Yowe halirudi nyuma.

La mwisho. Mmeona nilivyotafuta majibu kwenye kamusi, kwenye riwaya, kwenye wino mwekundu, mpaka kwa Zuwena. Kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa akivuka ua kufuata kidoli chake jioni, akaona kila kitu.

Asubuhi Hope aliingia kutoka kwa Bibi Leonia, akamkuta baba yake mezani. Hakuruka, hakushangaa. Alivaa ile sare mpya juu ya gauni la kulalia, akanywa chai yake, akanitazama.

"Mama, nilikwambia Baba ana kidonda."